Waya Hausinzii

Jumatatu, 3 Machi

Vita vimetangazwa leo, kabla hata sijamaliza chai.

Bimkubwa, mwenye ofisi, alitukusanya wachapaji katika chumba cha nyuma, akatuonyesha kibodi ya meza ya kona. Herufi zimefutika zote. Kitufe cha A kimechimbika katikati. Akasema ofisi inayochapia watu nyaraka zao haiwezi kuendelea na vifaa vya aibu namna hii, na Ijumaa atanunua kibodi mpya kwa meza zote. Za aina moja. Ama zote za waya, ama zote zisizo na waya. Mchanganyiko hautaki, maana mchanganyiko ndio unaoleta kulaumiana.

Kisha akaongeza, kama jambo dogo tu, kwamba mpaka Ijumaa atakuwa ameteua pia msimamizi wa chumba. Yule atakayemsaidia kuchagua vizuri.

Nilishusha kikombe. Nafasi hiyo ni yangu. Nilikuwa nachapa katika chumba hiki Cherehani akiwa bado anajifunza kufunga kamba za viatu. Cherehani ni binti wa meza ya dirishani; tumempa jina hilo kwa jinsi vidole vyake vinavyokwenda. Ana adabu, ananiita mjomba, ananipa shikamoo kila asubuhi, na simwamini hata kidogo. Alikuja na kibodi yake mwenyewe kutoka nyumbani. Nyembamba, haina waya, haina sauti. Ina kidude cha kuchomeka nyuma ya kompyuta ili visikilizane. Ukimtazama akichapa unadhani anaipapasa meza.

Mimi ni mtu wa waya. Kibodi yangu ni nzito, inalia, ukibonyeza unajua umebonyeza. Usiache mbachao kwa msala upitao. Wahenga hawakuwa na kompyuta, lakini jambo hili walilimaliza.

Kuna kitu kingine kidogo. Mama mkwe anakuja Ijumaa jioni kukaa nasi siku chache, na Jumamosi anataka kuiona ofisi yangu. Anaamini kwamba mimi ndiye msimamizi wa chumba. Anaamini hivyo kwa sababu nilimwambia. Mke wangu anasema nilidanganya. Sikudanganya. Nilitangulia.

Jumanne, 4 Machi

Bimkubwa alitoa nafasi ya kusema.

Cherehani alianza. Alisema bila waya meza inakuwa na nafasi, mafaili hayanasi, na mteja akitaka kusahihisha jina lake mwenyewe unamsogezea kibodi upande wa pili na mambo yanaisha. Alisema kwa upole, bila kunitaja. Upole wa namna hiyo ni silaha, na watu hawalioni hilo.

Nikasimama. Nilisema waya hauombi betri. Nilisema waya ukikatika unaona ulipokatikia, lakini hewa ikikatika utaona nini? Wachapaji wengine wawili wakatikisa vichwa kukubali. Hao huwa upande wa yeyote aliyesema mwisho, ndiyo maana nilihakikisha nasema mwisho.

Ili kukoleza hoja, niliinyanyua kibodi yangu juu ya kichwa ikiwa bado imechomekwa, waone waya ulivyo imara. Na kweli ni imara. Ulikizoa kikombe cha Bimkubwa, chai ikaingia yote katika tasnifu ya mteja iliyokuwa tayari kwenda kujalidiwa.

Sasa hapo kosa la waya ni lipi? Kikombe ndicho kilichokaa pabaya. Nilisema hivyo, na nitasema hivyo hata mahakamani. Bimkubwa alikuwa anakung'uta sura ya tatu.

Tulichapisha kurasa zote upya. Cherehani alinisaidia kuzipanga bila kuombwa. Nilikataa kumshukuru.

Bimkubwa amesema maneno yamemtosha. Kesho mimi na Cherehani tutachapa kazi ileile, kumbukumbu za mkutano wa wazazi wa shule, naye atapita mezani ajionee. Vizuri. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu zimepungua kidogo kwa mbele, lakini zilizobaki zinatosha.

Jumatano, 5 Machi

Nilifika ofisini kabla ya wenzangu. Nikaenda moja kwa moja nyuma ya kompyuta ya Cherehani, nikakichomoa kile kidude.

Nia yangu ilikuwa kukitia mfukoni tu, kibodi yake ife mbele ya Bimkubwa, basi. Lakini mfuko wa suruali hii una tundu. Nikaona mahali salama pa kukiweka ni nyuma ya kompyuta yangu mwenyewe, palipokuwa na nafasi wazi. Kikaingia vizuri.

Cherehani akaja, akanipa shikamoo, akakaa, akaanza kuchapa macho yakiwa kwenye karatasi, kama kawaida yake. Na kumbukumbu za mkutano wa wazazi zikaanza kutiririka kwenye skrini yangu!

Kwanza nilitaka kukimbia. Halafu nikatulia, nikafikiri. Mstari wa kwanza ulijaa, wa pili, wa tatu, bila kosa hata moja. Mwalimu mkuu alishukuru wazazi. Wazazi walilalamikia vyoo. Nikaweka mikono juu ya vitufe vyangu, bila kuvigusa, nikawa naitikisa kwa heshima.

Bimkubwa akapita. Akasimama nyuma yangu, akaguna. Alisema hajawahi kuniona nikienda kasi namna hii, akauliza kama kibodi ni ile ile ya siku zote. Nikamwambia ni ile ile, Bimkubwa, ila waya unaleta nguvu moja kwa moja.

Alipotoka kupokea simu, nilijikuna sikio. Mkono mmoja sikioni, wa pili umeshika biskuti, na wazazi bado wanalalamika kwenye skrini. Nadhani ndipo Cherehani aliponiona kwenye kioo cha dirisha. Akatazama skrini yake. Ilikuwa tupu. Akatazama nyuma ya kompyuta yake. Kisha akakaa sawa, na kwangu maandishi yakabadilika.

Yakasema: "Shikamoo tena mjomba."

Nikakohoa.

Yakasema: "Leo naona unachapa kwa sikio. Nirudishie kidude changu, yaishe."

Pendekezo hilo halikuwa baya. Nakiri hivyo hapa tu. Lakini niligeuka nikamtikisia kichwa, hapana. Msimamo ukiutoa mara moja hautarudi.

Bimkubwa akarudi. Akainama ili asome. Na herufi zikaanza kutoka taratibu, kubwakubwa, moja baada ya nyingine: MIMI NIMEIBA KIDUDE CHA MTOTO WA WATU.

Mikono yangu wakati huo nilikuwa nimeikunja kifuani.

Mtu mwingine angejitetea. Mimi nilisimama nikasema naam, nimekichukua, na nimekichukua makusudi, ili kumwonyesha Bimkubwa hatari iliyopo. Kibodi gani hii inayobeba siri za mteja na kuzimwaga kwenye meza ya jirani? Leo ni vyoo vya shule. Kesho ni wosia wa mtu. Waya hausengenyi, nikasema, na nikaketi.

Bimkubwa alisema mimi ni mtu wa ajabu, lakini hoja ya siri ni hoja. Cherehani akarudishiwa kidude chake.

Ningeishia hapo siku ingekuwa yangu. Ila Bimkubwa alipima kwa macho toka meza ya Cherehani hadi yangu, akaliangalia na kabati la chuma lililo katikati, akasema kumbe hizi zinafika mbali hivi. Alisema kwa sauti ya kusifu. Sauti hiyo imeniharibia chakula cha mchana.

Alhamisi, 6 Machi

Betri. Jibu lilikuwa betri siku zote.

Saa ya ukutani sebuleni kwetu imekuwa ikichechemea tangu mwezi uliopita. Betri yake inakata roho. Niliichomoa asubuhi, nikaitia mfuko wa shati, ambao ni mzima, na kabla Cherehani hajafika nikaifungua kibodi yake kwa chini, nikaiweka ile mbovu, nikachukua ile nzima. Hii nzima sasa iko kwenye rimoti ya televisheni nyumbani. Sikuiba. Vitu vimebadilishana nafasi.

Mpango ulikuwa safi. Kibodi yake ingeanza kugugumia katikati ya kazi, Bimkubwa angeona, kesho Ijumaa, jioni mama mkwe, na mimi ni msimamizi kweli.

Bimkubwa akaingia, akasema amelala akifikiri. Kila mtu anasifia kile alichokizoea, akasema, kwa hiyo leo tubadilishane. Cherehani achape kwa waya. Mimi nichape bila waya.

Kabla sijasema neno, kibodi nyembamba ilikuwa mbele yangu, kidude chake kimechomekwa nyuma ya kompyuta yangu, na kibodi yangu, ya miaka yote, inakwenda dirishani ikiburuta waya wake. Ningeweza kusema. Lakini ningesema nini? Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, basi nami sikuomba pole. Nikakunja mikono ya shati.

Kazi ya kwanza ikaniangukia mimi kwa kuwa ndiye mkubwa. Barua kwa Mwenye Jengo. Huyu bwana anatutaka tuondoke ili apangishe upya, na Bimkubwa amechoka naye. Alinitajia maneno ya barua akiwa amesimama, kwa hasira, sentensi fupifupi. Anasema moja, anakwenda hadi dirishani, anarudi, anasema nyingine. Hatutahama. Halafu dirishani. Hatutapunguza nafasi. Dirishani tena. Hatutakubali mgeni apime vyumba vyetu.

Nami kila alipokwenda dirishani niliinua mikono nikasubiri, kama mchapaji wa kweli anavyotakiwa. Aliporudi nikabonyeza. Kibodi yenyewe ni laini kupita kiasi, hujui umebonyeza au umeota. Sikutazama skrini. Sijawahi kutazama skrini wakati nachapa. Nilifundishwa kuangalia vidole, na vidole vyangu havijawahi kunikimbia.

Bimkubwa alitia sahihi simu ikiwa sikioni, barua ikateremshwa ghorofa ya chini kwa Mwenye Jengo. Betri mbovu haikunifanya lolote. Hii inaonyesha nani ni fundi.

Cherehani, baada ya kuchapa kwa kibodi yangu mchana kutwa, alisema ni nzuri, inashika, ila inatikisa meza. Alisema tu hivyo, bila kejeli. Mtu anayekiri uzuri wa adui yake amekwisha. Nimelala mapema.

Ijumaa, 7 Machi

Nilichelewa. Saa ya sebuleni imesimama tangu jana asubuhi, na mke wangu ananiuliza mimi, kana kwamba mimi ndiye ninayeisukuma mishale.

Nilipofika, Mwenye Jengo alikuwa katika chumba cha nyuma na fundi mwenye futi ya kupimia. Anatabasamu. Anaushika mkono wa Bimkubwa kwa mikono yake miwili. Anasema kwa miaka yote ya kupangisha hajaona mpangaji muungwana kama huyu. Bimkubwa alikuwa na uso wa mtu aliyemeza kidonge bila maji.

Akaomba aione barua. Akaisoma kwa sauti, mbele yetu sote.

Tutahama. Tutapunguza nafasi. Tutakubali mgeni apime vyumba vyetu.

Fundi akavuta futi yake, kwaa, ikajirudisha.

Barua ilikuwa nzuri, lazima niseme. Imenyooka, pambizo sawa, kompyuta yenyewe imetia herufi kubwa kila mwanzo wa sentensi. Hakuna hata mstari mwekundu mmoja, kwa sababu hakuna neno lililokosewa. "Ha" tu hazimo. Tatu zote. Na lugha yetu hii inakataa mwanzoni kabisa mwa neno. Ukimeza mwanzo, umeshakubali.

Bimkubwa aliuliza nani alichapa. Alikuwa anajua. Niliruka kujibu, kwa furaha, maana ushindi ulikuwa umenijia mezani kwa miguu yake: isiyo na waya, nikasema. Kibodi isiyo na waya ndiyo iliyochapa. Nilisema nini tangu Jumanne?

Cherehani aliichukua kibodi yake, akaifungua kwa chini, akaitoa betri. Imeota ukungu wa kijani kwenye ncha. Akasema yake ilikuwa mpya, ameinunua juzi. Akanitazama. Bimkubwa akanitazama. Hata fundi alinitazama, na yeye si wa hapa. Nikasema betri za siku hizi zinazeeka haraka.

Kisha Cherehani akaeleza. Sikumwomba. Alisema si betri peke yake. Kibodi hizi ukiziacha kidogo zinasinzia ili zisile betri, na ukirudi kuchapa, herufi moja mbili za mwanzo ndizo zinazoiamsha, hazifiki kwenye skrini. Hata betri ikiwa mpya. Ndiyo maana yeye hubonyeza kwanza kitufe kitupu, kisha hutupa jicho kwenye skrini kila anapoanza sentensi. Akasema mjomba, ukitua unawaza, yenyewe inalala, uiamshe kwanza.

Nilichosikia mimi ni kimoja tu: inasinzia. Amekiri mwenyewe, hadharani! Nikachukua karatasi na kalamu nene, nikaandika WAYA HAUSINZII, nikaibandika ukutani. Fundi akaibandua kwa sababu alikuwa anapima ukuta huo.

Bimkubwa na Mwenye Jengo walivutana hadi adhuhuri. Bimkubwa anasema ni kosa la uchapaji. Mwenye Jengo anasema sahihi ni sahihi, na ofisi inayouza uchapaji itakosea vipi uchapaji wake yenyewe? Mwishowe wakakubaliana nusu kwa nusu. Chumba cha nyuma kinakwenda. Tunabaki na cha mbele.

Mchana mzima tumebeba meza. Chumba cha mbele ni kidogo, sasa tunakaa goti kwa goti, na Bimkubwa alipoona nyaya za kibodi zimetambaa sakafuni kwenye njia ya wateja, alichukua mkoba wake akatoka. Alirudi na kibodi mpya. Zote hazina waya. Msimamizi wa chumba ni Cherehani.

Mimi nimepewa meza ya mlangoni, kupokea wateja na kuandika majina yao. Nimepewa na kibodi ya zamani ya Cherehani, betri mpya ndani. Bimkubwa amesema, na haya ni maneno yake mwenyewe, kwamba nisichape tena chochote kinachotiwa sahihi. Kibodi yangu imo kwenye boksi chini ya ngazi, waya umeviringishwa juu yake.

Iliniuma. Naandika hivyo mara moja na sitarudia.

Nilipofika nyumbani mama mkwe alikuwa ameshaketi sebuleni. Aliniuliza habari za madaraka. Nikasema nzuri, mama.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikuwa nimeandaa visingizio. Mke wangu alivisikiliza vyote wakati napiga mswaki, akasema hakuna hata kimoja kinachosimama wima. Akamleta mama yake hadi mlango wa ofisi, akaenda zake sokoni, akacheka njia nzima, najua.

Lakini Mungu si wangu peke yangu ila leo alikuwa karibu.

Mama mkwe aliingia, na mtu wa kwanza aliyemwona ni mimi. Meza yangu ndiyo kubwa kuliko zote, kwa sababu ilikuwa ya mapokezi na haikuingia kwingine. Wengine wamebanana nyuma wakichapa. Mimi nimekaa peke yangu, mikono imetulia, sichapi. Akasimama akatazama. Uso ukamng'aa.

Nilimpa kiti. Akakaa ukingoni, kwa heshima ya ukwe, akaninong'oneza kwamba alikuwa na wasiwasi. Alisikia msimamizi, akadhani labda ni cheo cha maneno tu. Kumbe kweli. Mwenye cheo hachapi, akasema. Mwenye cheo anakaa mlangoni, watu wanampitia.

Sikumsahihisha. Nani husahihisha mkwe?

Cherehani akaja kuchukua karatasi za mteja. Akamwamkia mama shikamoo kwa kupiga goti. Mama akamwitikia, akamuuliza kama huyu bwana ni mkali. Nilikaza meno. Neno moja tu la binti huyu lingenimaliza, na ana haki nalo, baada ya kidude na betri. Alinitazama. Akasema, mama, hapa bila mjomba hakuna mteja anayeingia.

Ni kweli. Mimi ndiye ninayefungua mlango. Akaenda zake mabega yakimtikisika. Kwa nini alinisaidia bado sijui, na nimeanza kuchunguza anataka nini.

Kisha mama mkwe akasogeza kiti, akafunua khanga begani, akasema amefurahi amekuta mtu wa nafasi, kwani ana jambo linalotaka mtu wa nafasi. Mdogo wake wa kiume anataka nyumba ya wazazi wao iuzwe. Ndiyo nyumba anayoishi yeye. Ametumiwa dalali mara mbili, ametumiwa wajumbe. Yeye maneno ya mdomo yamemshinda. Huyo mdogo wake anayageuza. Anataka karatasi. Imechapwa, imenyooka, ya kutoka ofisini, ili ajue dada yake ana watu. Alipofika hapo akajifuta jicho kwa pindo la khanga.

Niliguswa. Nikamwambia mama, umefika.

Bimkubwa alisema nisichape kinachotiwa sahihi. Lakini alimaanisha kazi za ofisi. Hii ni ya familia. Na ile kibodi mbele yangu, sina ugomvi nayo tena. Kosa lilikuwa betri, na betri sasa ni mpya. Ningeweza kumwita Cherehani aje achape, ila mama mkwe angefikiri nini, msimamizi anaomba msaada?

Mama mkwe akawa anataja, mimi nachapa. Anasema kwa utulivu, mtu mzima. Kila kabla ya sentensi anatua, anashusha pumzi, anatazama dari akitafuta neno. Nami naiinua mikono namsubiri, simharakishi. Hatutauza nyumba ya wazazi. Akatua muda mrefu. Hatutamkaribisha dalali. Akatua tena, akamkumbuka marehemu mama yake. Hatutagawana kiwanja.

Macho sikuyatoa kwenye vidole. Vilikwenda vizuri sana.

Nilichapisha. Karatasi ilitoka imenyooka, pambizo sawa, herufi kubwa mahali pake. Miwani yake mama ameiacha nyumbani, akaniuliza kama nitamsomea. Nikamwambia mama, kusoma tena ni kazi ya wachapaji. Akatia sahihi kwa mkono uliotulia, akanibariki mimi na watoto. Mke wangu alipotoka sokoni akapitia, akaibeba bahasha hadi kwa mjomba wake.

Wiki ilianza kwa chai kumwagika, imeisha kwa baraka. Wapo watakaosema nimeshindwa. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wanasema. Basi mimi si mshindani. Mimi ni msimamizi.

Jumapili, 9 Machi

Simu imeita kabla ya chai. Mjomba wa mke wangu.

Nilijiandaa kwa matusi, mtu aliyekataliwa kwa maandishi ana haki ya kutukana kidogo. Hakutukana. Alikuwa karibu kulia kwa furaha. Alisema miaka yote amembembeleza dada yake bila jibu la maana, na kumbe alichokosa ni mkwe mwenye hekima wa kuandika barua ya kiungwana kama ile. Alinishukuru mimi binafsi, mara mbili. Akasema hataki kuchelewesha jambo jema: mchana huu huu anakuja, yeye na dalali, na mnunuzi wanaye.

Nimemwambia karibuni wote.

Mama mkwe yuko uani anaimba taratibu, anakunja nguo zake, anasema leo amelala usingizi wa kwanza tangu ugomvi huu uanze. Sijamwambia kuhusu wageni. Nataka aone mwenyewe jinsi mdogo wake alivyokubali kukataliwa. Nimeagiza viti viwili zaidi kwa jirani, nimevaa shati la kola.

Sijapata kuona mtu anayeambiwa hapana akafurahi namna ile. Ni lugha tu. Ukiijua lugha, hata hapana yako mtu anaipokea kwa mikono miwili.